Kodi Mbili Zatosha Kuanzia: Jinsi ya Kuwafundisha Gitaa Wadogo Wetu

Mhariri ameniomba nieleze jinsi tunavyowafundisha gitaa wadogo wetu wa kidato cha kwanza na cha pili. Nimekubali, ingawa wako wanaopiga gitaa kunishinda, na mmoja wao hulala kitanda cha pili kutoka changu. Lakini kupiga ni kazi moja na kufundisha ni kazi nyingine. Hilo nimelijua kwa kukosea, basi nitaanza na kosa langu.

Mwaka jana nilikabidhiwa kikundi cha gitaa. Siku ya kwanza, Jumamosi saa tisa baada ya kufua, walikuja wavulana 12. Gitaa tulikuwa nalo moja tu. Mimi nilichora ubaoni mishiko minane, nikaieleza yote mmoja mmoja, nao wakainakili katika madaftari yao kwa wino, tena kwa mistari iliyonyooka. Nikajiona mwalimu kweli. Kisha nikampa mmoja wao gitaa, nikamwambia apige kodi ya F. Msomaji anayejua gitaa ameshatikisa kichwa. Asiyejua na asubiri, nitamweleza mbele. Kijana yule alibana nyuzi mpaka ncha za vidole zikawa nyeupe, akapiga, ikatoka sauti kama ya kugonga ndoo. Wenzake wakacheka. Mimi nami nikacheka, na hilo ndilo ninalolijutia hata leo. Alimpa mwenzake gitaa, akaketi, na juma la pili hakuja. Kufika juma la nne walikuwa wamebaki watatu.

Kwanza nilidhani wale tisa hawana kipaji. Walakini jioni moja nilimkuta yule kijana wa kodi ya F nyuma ya jiko akipanga kuni, naye anaimba peke yake sauti ya tatu ya wimbo wa kwaya, mwanzo hata mwisho, bila kupotea. Kila aliyepata kuimba kwaya ajua kwamba sauti ya kwanza yaweza kuimbwa na mtu yeyote, maana ndiyo wimbo wenyewe. Lakini kushika sauti ya tatu bila wenzako kukutegemeza si jambo dogo. Mtu wa namna hiyo hakosi sikio. Basi nilijua kwamba kosa halikuwa lake. Mimi nilikuwa nimeanza mwisho, nikauacha mwanzo.

Sasa nieleze kodi ni nini. Siyo ile wanayolipa baba zetu. Wapiga gitaa husema kodi wakiwa na maana ya sauti tatu au zaidi zinazolia pamoja na kupatana. Wengi wetu tumejifunza kuimba kwa d r m f s l t, maandishi yale aliyoyaeneza mchungaji John Curwen huko Uingereza katika karne ya 19. Basi kwaya ikisimama mwisho wa wimbo, besi wakashika d, sauti ya tatu s, sauti ya pili m, na sauti ya kwanza d ya juu, hiyo tayari ni kodi. Kwaya nzima imekuwa kodi moja. Gitaa lafanya peke yake ile kazi inayofanywa na safu nne za watu. Tukiiweka d yetu kuwa C, basi kodi ya C ni d m s, kodi ya F ni f l d, na kodi iitwayo G7 ni s t r f. Mwanafunzi anayeimba kwaya amekuwa ndani ya kodi hizi kila Jumapili pasipo kujua majina yake.

Kwa hiyo mwaka huu sikuanza na vidole, nilianza na masikio. Niliwaambia wote waimbe wimbo mmoja rahisi wanaoujua tangu shule ya msingi, mimi nikipiga kodi ya C tu bila kubadili, na kila mmoja ainue mkono anaposikia kwamba gitaa limeacha kupatana na wimbo. Waliimba maneno machache, halafu mikono karibu yote ikainuka kwa pamoja. Hakuna aliyewafundisha. Nikarudia, na mara hii mikono ilipoinuka nikahamia G7, wakatabasamu, maana wimbo ulikaa sawa. Baadaye mikono ikainuka tena, nikarudi C. Kwa njia hii walijua mahali pa kubadili kodi kabla hawajajua namna ya kushika hata moja. Yafaa mwalimu aanze hapa, kwa sababu mtoto anayesikia mahali pa kubadili atajitahidi kuvifikisha vidole pale, lakini anayefuata alama za daftarini tu hubadili kwa kuamriwa.

Baada ya hapo ndipo vidole. Kwa ajili ya wasiolijua gitaa: lina nyuzi sita. Uzi wa kwanza ndio mwembamba kuliko zote, nao uko chini kabisa unapolipakata gitaa. Uzi wa sita ndio mnene, nao uko juu, upande wa kidevu chako. Shingoni kuna vyuma vidogo vilivyokatiza, na nafasi iliyo kati ya chuma na chuma hapa kwetu twaiita chumba. Chumba cha kwanza ndicho kilicho mbali kabisa, huko kwenye vigingi vya kukazia nyuzi. Vidole vya mkono wa kushoto twavihesabu kuanzia kidole cha shahada: hicho ndicho cha 1, cha kati ni cha 2, cha pete ni cha 3, kile kidogo ni cha 4. Kidole gumba hakihesabiwi. Kazi yake ni kutegemeza shingo kwa nyuma.

Vitabu vingi vyaanza na kodi ya C kamili, ambayo yataka vidole vitatu katika vyumba vitatu. Kwa mkono wa mtoto wa miaka 13 hiyo ni safari ndefu. Sisi twaanza na C ndogo. Kidole cha 1 chabana uzi wa pili katika chumba cha kwanza, basi. Mkono wa kulia wapiga nyuzi tatu nyembamba tu, wa tatu, wa pili na wa kwanza. Nyuzi hizo zalia s d m. Ni kodi halisi, si ya kuchezea. Kisha kidole kile kile kihamie uzi wa kwanza katika chumba kile kile, na ukipiga tena nyuzi zile tatu zalia s t f, ambayo ni G7 iliyokosa r peke yake. Tazameni jinsi ilivyo rahisi: kidole kimoja kimevuka uzi mmoja, nasi tumetoka kodi hii hadi ile.

Hapa ningependa wanakwaya wasikilize vizuri. Uzi wa tatu haukuguswa, wabaki na s yake katika kodi zote mbili. Uzi wa pili umeshuka kutoka d hadi t, na wa kwanza umepanda kutoka m hadi f. Nanyi mnajua wenyewe, ukiimba t ukanyamaza hapo, kila mtu chumbani ataona kama umemwacha mlangoni. Yataka kupanda mpaka d. Na f nayo yataka kushuka mpaka m. Ndiyo sababu G7 hutuvuta turudi C, na ndiyo sababu nyimbo nyingi sana zaweza kuimbwa kwa kodi hizi mbili tu. Niliwapa wavulana wawili kazi ya kuimba t na f kwa pamoja na kuzishikilia, wengine wakisikiliza. Baada ya muda mfupi walianza kuguna wakitaka zitoke. Hiyo nguvu ya kuvuta ndiyo inayouendesha wimbo.

Katika kubana uzi kuna makosa matatu manne ambayo kila anayeanza huyafanya. Hubana katikati ya chumba, kumbe yampasa kubana karibu na chuma kile kilicho upande wa tundu la gitaa, bila kukipanda. Hapo nguvu kidogo yatosha na uzi hautetemi vibaya. Hulaza kidole, kikagusa uzi wa jirani na kuuziba. Yampasa kusimamisha ncha yake kama mtu anayebonyeza kengele. Huacha kucha ndefu. Na tena huliinamisha gitaa uso ukaangalia juu ili avione vidole vyake, na kwa kufanya hivyo mkono wa kushoto wapinda vibaya na kuchoka. Maumivu ya ncha za vidole ni ya kweli, tusiwadanganye watoto kwamba ni uvivu. Dakika chache kila siku zafaa kuliko saa nzima kwa siku moja, maana ngozi yataka siku kadhaa kukomaa. Yule mwenye kutokwa na malengelenge apumzike, aimbe.

Lakini jambo nililochelewa kulielewa kuliko yote ni hili: ugumu wa gitaa hauko katika mshiko, uko katika kuhama. Mtoto hujifunza mshiko kwa dakika tano, akausifia, kisha anatumia miezi mitatu kujifunza kutoka mshiko mmoja hadi mwingine kabla wimbo haujampita. Mimi nilipowapa mishiko minane nilidhani nawapa utajiri. Ukihesabu, mishiko minane ina njia 28 za kuhama kati ya mmoja na mwenzake. Mishiko miwili ina njia moja. Siku hizi kila mmoja huchukua kodi mbili tu, na mwenzake hutazama saa ya ukutani kwa dakika moja akihesabu amehama mara ngapi, kila kodi ikilia safi. Hakuna kushindana na jirani. Kila mtu huandika hesabu yake nyuma ya daftari, na juma lifuatalo huitazama. Kijana mmoja alianza na mara 9, sasa amefika 34, na hesabu yake huitembeza bwenini kama barua kutoka nyumbani.

Mkono wa kulia nao una sheria moja, nayo twaishika kwa ukali: usisimame. Tukihesabu moja, mbili, tatu, nne, mkono washuka kila hesabu, hata kama wa kushoto umechelewa, hata kama sauti iliyotoka ni ya ndoo. Wanaoanza hufanya kinyume. Hupiga, husimama, hutafuta kidole, hupiga tena, na waimbaji wote hubaki wamefungua vinywa. Anayeimba husamehe kodi mbovu moja ikipita, bali mwendo ukikatika hakuna la kusamehe, maana wimbo wenyewe haupo tena. Kwa hiyo mwanzoni wengine hupiga kwa mkono wa kulia tu nao wa kushoto wameulaza juu ya nyuzi zote kuzinyamazisha, ikatoka sauti ya chaka, chaka, chaka, chaka. Wadogo huipenda sana hii. Wengine wetu wakubwa huona ni mchezo.

Nakumbuka hapa wale wanaotaka kuruka hatua. Kila mwaka yupo kijana aliyesikia sahani za zamani za Katanga kwa babu yake, akataka aanze hapo. Simlaumu. Jean-Bosco Mwenda alirekodiwa na Hugh Tracey mwaka 1952 katika mji wa Jadotville, ambao sasa huitwa Likasi, na wimbo wake Masanga wasikilizwa mpaka leo. Katika mkono wa kulia alitumia kidole gumba na kidole cha shahada tu, gumba likishika nyuzi nene na shahada nyuzi nyembamba, na asiyejua hudhani ni magitaa mawili. Basi humwambia kijana yule: vidole viwili, wala si vitano, nawe anza na kimoja.

Sasa nirudi kwenye shida yetu kubwa, yaani gitaa moja. Fanyeni hesabu. Saa moja ikigawanywa kwa wavulana 12, kila mmoja hupata dakika 5 kwa juma, na dakika 55 hukaa akitazama. Hakuna anayejifunza kuogelea kwa kukaa ukingoni. Tulikwenda karakana ya seremala tukaomba mabaki ya mbao, tukatengeneza vibao 11. Kila kibao kina upana wa sentimeta 5 na urefu wa mkono kutoka kiwiko hata ncha za vidole. Tumechora nyuzi sita kwa kalamu ya risasi, kisha tukakatiza mistari ya vyuma kwa vipimo vya gitaa letu lenye nyuzi za urefu wa sentimeta 65: kutoka mwanzo wa shingo mpaka chuma cha kwanza sentimeta 3.6, kutoka hapo mpaka cha pili 3.4, mpaka cha tatu 3.3, mpaka cha nne 3.1. Wengine wamepiga misumari midogo pande mbili na kufunga uzi wa kushonea ili kidole kisikie mahali pake. Kibao hakilii, lakini mkono wa kushoto haujui. Mmoja akiwa na gitaa, 11 huhama pamoja naye kwenye vibao vyao na kuimba, na anapomaliza zamu yake mwingine hupokea gitaa bila wimbo kusimama. Usiku bwenini, taa kabla hazijazimwa, utawaona wamelala chali na mbao vifuani.

Shida ya pili ni gitaa lenyewe. Letu ni la zamani, na nyuzi zake zimeinuka mbali na shingo, hasa pale mwanzo. Hiyo ndiyo sababu nyingine iliyomwangusha yule kijana mwaka jana: nilimtaka abane katika chumba cha kwanza, ambapo hata mimi naumia. Dawa tuliyoipata ni kibano. Chukua penseli fupi, ilaze juu ya nyuzi zote katikati ya chumba cha tatu, kisha ifunge kwa nguvu nyuma ya shingo kwa ukanda wa mpira wa ndani wa baiskeli. Sasa penseli imekuwa mwanzo mpya wa shingo. Nyuzi zote zimepanda kwa kadiri ile ile, kwa hiyo mishiko haibadiliki. Ila wimbo utakuwa juu zaidi, jambo ambalo kwa sauti za wadogo ni jema. Faida yake ni mbili. Nyuzi ziko karibu zaidi na shingo, na vyumba ni vifupi zaidi. Vyumba vitatu vya mwanzo wa gitaa letu vina urefu wa sentimeta 10 na kidogo. Vitatu vinavyofuata penseli havifiki 9. Kwa mkono mdogo hiyo ni tofauti ya kuweza na kutoweza. Mkono ukizoea twashusha penseli chumba cha pili, halafu cha kwanza, halafu twaitoa.

Na hapa nawaonya wenye nia njema. Likizo moja mtu alituletea nyuzi za chuma, tukafurahi, tukataka kuzitia katika gitaa lililotengenezwa kwa nyuzi za nailoni. Afadhali fundi mmoja alituzuia. Nyuzi za chuma huvuta kwa nguvu nyingi zaidi, na gitaa la nailoni laweza kung'oka kile kipande cha mbao zilikofungwa, au shingo ikapinda isirudi.

Kulinganisha nyuzi hatuwaachii wanaoanza, lakini twawaonyesha. Nyuzi kutoka wa sita hata wa kwanza huitwa E, A, D, G, B, E. Ukibana wa sita katika chumba cha tano wapata sauti ya wa tano. Wa tano katika chumba cha tano wapata wa nne. Wa nne vile vile wapata wa tatu. Wa tatu ndio mkaidi, hubanwa katika chumba cha nne kupata wa pili. Wa pili katika chumba cha tano wapata wa kwanza. Nje ya shule watu hutumia simu kwa kazi hii. Sisi simu haturuhusiwi, na kwa masikio yetu sioni hasara.

Mtoto akishahama kati ya C ndogo na G7 ndogo bila kutazama, ndipo apewe zile kubwa, na hapa kuna jambo zuri ambalo nilipiga gitaa miaka miwili kabla sijaliona. Katika C kubwa kidole cha 1 kiko uzi wa pili chumba cha kwanza, cha 2 kiko uzi wa nne chumba cha pili, cha 3 kiko uzi wa tano chumba cha tatu. Kuhamia G7 kubwa, hakuna kidole kinachobadili chumba. Cha 1 chashuka uzi mmoja, kikafika wa kwanza, kama kilivyozoea tangu siku ya kwanza. Cha 2 na cha 3 vyapanda uzi mmoja mmoja, kimoja wa tano, kingine wa sita. Ni kama mkono unafumbuka. Ukirudi C, wajifumba. Nilipowaambia hivyo, fumba, fumbua, waliacha kutafuta vidole kimoja kimoja.

Kutoka C kwenda kodi ya A ndogo ya huzuni, ile iandikwayo Am, vidole vya 1 na 2 havitoki mahali pake kabisa. Cha 3 peke yake chatoka uzi wa tano na kwenda uzi wa tatu chumba cha pili. Na kutoka Am kwenda E, mshiko mzima wahama jinsi ulivyo, kila kidole uzi mmoja kuelekea juu, vyumba vile vile. Mwalimu anayejua undugu huu wa mishiko atawapa watoto kodi inayofuata kwa bei ya kidole kimoja. Mimi mwaka jana niliwapa kwa bei kamili.

Mwaka huu tumempata kijana mmoja wa Kialur kutoka West Nile ambaye kwao hupiga adungu. Adungu haina shingo ya kubana. Kila uzi una sauti yake moja, nao hudonolewa ukiwa wazi. Kwa hiyo mkono wake wa kushoto ulisumbuka kama wa wengine wote, tena alikasirika kwamba uzi mmoja waweza kuwa na sauti nyingi, akasema ni fujo. Lakini mkono wake wa kulia, na masikio yake! Siku ya kwanza ya kuinua mikono, yeye aliinua nusu ya neno kabla ya wenzake. Nikamwuliza amejuaje. Akasema, "Kaka, hapo hata kwetu mtu huacha uzi ule." Tangu siku hiyo yeye ndiye anayewahesabia wenzake mwendo.

Nilisema nitaieleza kodi ya F. F kubwa yataka kidole cha 1 kilale juu ya nyuzi zote sita katika chumba cha kwanza, kizibane zote sawasawa, na vidole vingine vitatu vifanye kazi yao mbele. Watu wazima wenye mikono ya kushika jembe huchukua miezi kuipata. Mimi nilimpa mtoto siku ya kwanza, katika gitaa lenye nyuzi zilizoinuka, mbele ya wenzake. Lakini iko F ndogo vile vile. Kutoka C ndogo, kidole cha 1 kilichokuwa kimesimama juu ya uzi wa pili chalala kidogo kikabana na wa kwanza pia; kidole cha 2 chabana uzi wa tatu katika chumba cha pili. Nyuzi tatu zalia l d f. Safari hii d ndiyo isiyobadilika, s imepanda l, na m imepanda f. Basi sasa mtoto ana C, F na G7, nyuzi tatu tatu, na nyimbo za kwaya yetu karibu zote zinaingia humo.

Yule kijana wa kuni nilimfuata mwezi wa pili, nikamwomba radhi kwa kicheko kile, nikamwambia namhitaji kwa sababu ya sauti yake ya tatu. Hakujibu. Jumamosi alikuja akakaa karibu na mlango, akachukua kibao, hakugusa gitaa majuma matatu. Hatukumsukuma. Juma la nne zamu ilipofika kwake alilipokea, akapiga C na G7 huku wenzake wakiimba, akampa mwingine. Hivyo hivyo muhula mzima. Muhula uliofuata nilipowaonyesha ile F ndogo, bila kutaja jina lake, aliishika, akaipiga mara mbili, ikalia safi. Akainama juu ya shingo ya gitaa akatazama vidole vyake, kisha akaniuliza, "Kaka, hii ndiyo ile?"

Nikamwambia ndiyo ile.

Sasa ndiye mwenye ufunguo wa kabati la gitaa, maana mimi namaliza mwaka huu na kikundi lazima kibaki na mtu. Waliobaki ni 11. Mmoja amehamia mpira. Vibao vyote vipo isipokuwa kimoja kilichotiwa motoni kwa makosa. Uzi wa pili ulikatika Jumamosi iliyopita, na kwa kuwa C ndogo yakaa juu yake, tumesimama. Ndugu mliomaliza hapa, kama yupo mwenye uzi wa pili wa nailoni asioutumia, twaomba autume kwa Mhariri.